Swali Nililouliza Kama Salamu

Nilistaafu mwezi uliopita, na wenzangu wa zahanati wameniomba niandike machache kuhusu kazi ya ukunga kwa ajili ya wale wanaoianza. Sitaandika juu ya vyeo, ambavyo vilikuja kwa utaratibu wake, wala juu ya mshahara, ambao kila atakayesoma ukurasa huu anaujua. Nitaandika juu ya nyonga: ni mama yupi aliye katika hatari ya kuwa na nyonga nyembamba, yaani njia ya mifupa ambayo mtoto hawezi kupita, na ni kwa namna gani mkunga anayejiona makini anaweza kumkosa mama huyo akiwa ameketi mbele yake, mchana, katika chumba chenye mwanga wa kutosha. Suala hili nimelisoma hadi ngazi ya uzamili. Naomba msomaji asidhani kwamba hilo linanipa mamlaka. Kwa kweli ni masomo yale yaliyonivuruga.

Nilizaliwa Ndama, wilayani Karagwe, katika kibanja cha migomba na kahawa, na kituo changu cha kwanza kilikuwa zahanati moja ambayo sasa iko Kyerwa. Wakati huo Kyerwa ilikuwa bado sehemu ya Karagwe. Jina la zahanati nitalihifadhi. Nilishuka kwenye lori la kahawa nikiwa nimevaa viatu vyeupe vya chuo, na kabla sijaufikia mlango vilikuwa na rangi ya barabara. Mama Paskazia, mkunga mkuu, alivitazama kwanza viatu, kisha akanitazama mimi.

"Simama hapo," alisema, akionyesha mwimo wa mlango.

Palikuwa na mstari mwekundu, umechorwa kwa rangi ya kucha, kwenye kimo cha sentimita mia moja na hamsini. Nilisimama. Mstari ulipita juu ya nywele zangu.

"Haya," akamwambia mhudumu aliyekuwa akifagia, "rufaa ya kwanza ya leo imekuja yenyewe, na sanduku lake."

Utaratibu ulikuwa kwamba mama yeyote asiyeufikia mstari ule aelekezwe kujifungulia hospitali, kwa kuwa ufupi wa kimo huweza kuashiria nyonga ndogo. Niliupenda utaratibu huo mara moja. Ulikuwa na namba. Baadaye mimi mwenyewe nilizaa watoto wanne kwa njia ya kawaida, nikiwa chini ya mstari mara zote nne, jambo lililopaswa kunifundisha kitu kuhusu mipaka ya namba ile. Sikufundishika.

Mama Paskazia hakuudharau mstari, lakini hakuutegemea. Alianza kumpima mama tangu getini. "Usianze na tumbo," alinionya. "Mwangalie anavyotembea kuja." Alitafuta anayechechemea, huenda kwa sababu ya polio ya utotoni, aliyewahi kuvunjika nyonga kwa kuanguka au kwa ajali, mwenye miguu iliyopinda kwa kukosa chakula bora alipokuwa akikua, na binti ambaye mwili wake mwenyewe haujamaliza kukua, hata kama tumbo limeshatangulia. Kisha alimtafuta mmoja ambaye hatambuliki kwa macho: aliyewahi kukaa na uchungu siku mbili akarudi nyumbani mikono mitupu.

"Hawa wengine wote tunabahatisha," aliniambia. "Huyo wa mwisho nyonga yake imekwisha kupimwa. Imepimwa na mtoto."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu, nikayapigia mstari chini kwa rula. Nililiona daftari hilo tena hivi karibuni. Mstari umenyooka sana.

Namna alivyompata mama wa aina hiyo ndiyo iliyonishinda uvumilivu. Alikuwa na kigoda chake, na fetoskopu ya mbao, kile kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto, iliyolainika kwa miaka ya kushikwa. Akishamaliza kusikiliza, aliweka kalamu chini, akakunja mikono mapajani na kusema, "Haya mwanangu, nihadithie yule wa kwanza." Kisha alinyamaza. Alinyamaza kwa muda ambao mimi ningempima mama mwingine uzito, presha na wingi wa damu. Foleni ilijaa hadi nje. Nilihesabu, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuhesabu, nikaona kwamba kwa kila mama mmoja wake mimi nilikuwa na watatu. Ukimya ule niliuona kuwa ni uchovu wa uzee.

Alistaafu, na haikupita miaka mingi akapatwa na kiharusi shambani kwake, akafariki siku ya pili. Alikuwa na presha ya muda mrefu bila kujua. Mwanamke huyu aliwafunga maelfu ya akina mama ile mashine mkononi, na inaelekea hakuwahi kujifunga mwenyewe. Nawaomba, mkishamaliza kusoma hapa, mkapimane.

Baada yake nilibaki na chumba. Kigoda nilikihamishia stoo, kwa sababu meza yangu ilihitaji kiti. Nilipanga kliniki ya wajawazito kwa hatua: salamu, kimo, idadi ya watoto, habari za uzazi uliopita, mizani, presha, tumbo. Foleni ilikwisha kabla ya saa saba mchana. Wageni waliokuja kukagua waliusifu mpangilio ule, nami niliwaamini.

Sasa naomba nieleze jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua na ambalo kwa sababu hiyo hakuna aliyewahi kuniambia. Mtu akiulizwa habari, hujibu nzuri. Hujibu nzuri hata kama anatoka kuzika. Nzuri huwa ni adabu ya kufungua mdomo. Habari yenyewe huja baadaye, baada ya pumzi moja, ikianza na "ila" au "lakini". Hayo ni kwa Waswahili wote. Kwa mama anayezungumza Kinyambo nyumbani, na anayekivaa Kiswahili siku ya kliniki kama anavyovaa kitenge cha kanisani, adabu hiyo huwa nzito zaidi, kwa sababu hataki kukosea mbele ya nesi. Mimi ni Mnyambo. Mama yangu alijibu hivyo maisha yake yote.

Leokadia alikuja kliniki katika mwaka ambao pikipiki za bodaboda zilikuwa zimeshazoeleka, maana nakumbuka aliteremka kwenye moja akiwa amekaa upande, miguu karibu iguse ardhi. Aliinamisha kichwa kupita mlangoni.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Karibu. Vua viatu, simama pale." Nilisoma kipimo. "Mia moja sitini na nane! Wewe umeota kwenye samadi?"

Alicheka akiziba mdomo. "Ndiyo maana wananituma kuangua maparachichi, sista. Ngazi wameuza."

"Watoto wangapi?"

"Mmoja."

"Habari za uzazi uliopita?"

"Nzuri, sista."

"Haya, panda mizani."

Kwenye kadi niliandika "mmoja" katika safu ya waliozaliwa, na "mmoja" katika safu ya walio hai, kwa kuwa sikuona sababu ya namba hizo kutofautiana. Kwenye safu ya historia ya uzazi niliandika "kawaida". Alirudi mara tatu zaidi, na kila mara nilinakili neno lile kutoka mstari wa juu.

Uchungu ulimwanza asubuhi moja ya masika, akaletwa na jirani yake. Nilifungua patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, nikaijaza kwa usahihi ambao hata leo siwezi kuukosoa. Njia ilifunguka kwa mwendo mzuri, kisha ikasimama. Kichwa cha mtoto kilikuwa bado juu. Mstari wangu kwenye chati ulianza kuelekea upande ambao hatutaki. Kwa mama mfupi ningeita gari la wagonjwa saa ileile. Kwa mama wa mia moja sitini na nane aliyekwisha kuzaa salama, nilijiambia kwamba mtoto anajigeuza, na nikampa muda. Muda nilioutoa ulikuwa saa mbili na dakika kumi. Nazijua dakika hizo kwa sababu niliziandika.

Kisha nikaona tumbo limegawanyika, kana kwamba kamba imefungwa chini ya kitovu. Wakunga mnaijua alama hiyo: mfuko wa uzazi unakaribia kupasuka. Niliita gari. Wakati tunalisubiri, mvua ikiwa inanyesha, Leokadia aliacha kulalamika ghafla, akasema maumivu yamekwisha. Jirani yake akasema, "Mungu ni mwema." Mimi nilijua maana yake.

Mama mkwe wake alitufikia gari likiwa linafunguliwa mlango, akitoka shambani, magoti yana udongo. Alipanda nasi. Hospitalini walifanya yote yaliyowezekana. Mfuko wa uzazi ulikuwa umepasuka. Mtoto, wa kiume, alikuwa amekufa. Na ili kuyaokoa maisha ya mama walilazimika kuuondoa mfuko huo. Leokadia alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Nilikaa na mama mkwe kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Kisha alisema, kana kwamba anaendeleza mazungumzo, "Na yule wa kwanza ilikuwa hivihivi. Siku mbili. Tulimzika nyuma ya nyumba."

"Mama," nilimwambia, "yule wa kwanza alikufa?"

"Hukujua?"

"Nilimuuliza Leokadia. Alisema uzazi ulikuwa mzuri. Alisema ana mtoto mmoja."

"Anaye mmoja. Alimzaa, atamkana?" Alinigeukia. "Halafu wewe ulimuulizaje?"

"Nilimuuliza habari za uzazi uliopita."

Alinitazama kwa huruma ambayo sikuistahili. "Waitu," alisema, kwa ile sauti ya kwetu ya kumheshimu mtu hata unapomsuta, "hukumuuliza. Ulimsalimia."

Ningependa kuandika kwamba nilibadilika kuanzia benchi lile. Nilifanya jambo jingine.

Baada ya wiki moja tulikaa kikao cha kupitia tukio, kama inavyotakiwa. Mganga mfawidhi alikuwa kijana mwema mwenye kazi nyingi, na fomu ilikuwa na sehemu ya kujaza sababu zilizochangia.

"Sista, historia uliuliza, hukuuliza?"

"Niliuliza."

"Akajibuje?"

"Nzuri."

"Basi. Tuandikeje hapo?"

Nilinyamaza. Alisubiri kidogo, kisha akaandika: mama hakutoa historia sahihi. Akanisogezea karatasi. Niliisoma mara mbili. Nilijiambia kwamba, kwa tafsiri ya neno kwa neno, sentensi ile haikuwa ya uongo. Nikatia sahihi.

Karatasi hizo huwa na tabia ya kutembea. Mhudumu wa afya wa kitongoji, mwanamke mwenye bidii na nia njema, aliagizwa kuwaelimisha akina mama wasifiche historia zao. Alifanya hivyo kwenye mkutano wa kitongoji, na kwa kuwa elimu hueleweka kwa mfano, alitoa mfano. Hakutaja jina. Hapakuwa na haja. Anatoli, mume wa Leokadia, alikuwa kwenye mkutano. Alirudi nyumbani na sentensi yangu. Alimwambia mke wake kwamba angalau kifo cha kwanza kilikuwa cha Mungu, lakini cha pili alikisababisha yeye kwa kuficha. Kabla ya msimu wa kahawa kwisha Leokadia alikuwa amerudi kwa kaka yake huko Nyakatuntu, na Anatoli alikuwa ameanza kuzungumza na wazazi wa msichana mwingine. Niliyasikia yote haya kliniki, kutoka kwa wanawake waliokuwa wakisubiri mizani. Niliendelea kupima.

Miaka ilipita kabla sijapata nafasi ya kusoma uzamili. Nilichagua kuandika juu ya kimo na nyonga nyembamba, somo nililodhani ninalimudu, na nilitumia rejesta za kituo chetu. Msimamizi wangu, mtu wa maneno machache, alipitia rasimu hadi kwenye safu ya historia ya uzazi akaweka kidole.

"Karibu wote ni 'kawaida'," alisema. "Swali hili liliulizwa kwa maneno gani?"

Sikuweza kujibu. Si kwamba nilikuwa nimesahau maneno. Niliyakumbuka.

Alinirudisha nyumbani nikawatafute baadhi ya akina mama wale na kuwauliza upya. Nilikwenda kwa miguu, nyumba kwa nyumba, na safari hii nilisema kama Mama Paskazia: nihadithie yule wa kwanza, tangu uchungu ulipoanza. Kisha nilinyamaza. Kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kuzalisha. Mara mbili tatu nilijikuta nauma ulimi. Habari zilikuja baada ya pumzi moja, kama ambavyo zingekuja siku zote. Waliokuwa wamepoteza mtoto baada ya uchungu mrefu, na ambao mimi nilikuwa nimewaandika "kawaida", walikuwa wengi kuliko nilivyokuwa tayari kuamini. Wengi wao walijaliwa baadaye kujifungua salama, kwa bahati au kwa ukaidi wa mama zao waliowalazimisha kwenda hospitali. Mwandiko kwenye rejesta ulikuwa wangu, mzuri, unaosomeka, ukurasa baada ya ukurasa. Nilishindwa kulala vizuri kwa muda, na tasnifu ilichelewa.

Jina la Leokadia nililiacha la mwisho kwenye orodha. Nilijipa sababu za kitaalamu za kufanya hivyo.

Nilimkuta Nyakatuntu, uani kwa kaka yake, akigeuza kahawa iliyoanikwa kwenye mikeka. Alinisalimia kwa shikamoo, akaniletea kiti, akarudi kwenye kahawa. Nilimweleza jambo zima kwa mpangilio: swali, kadi, kikao, sahihi. Nilitumia maneno mengi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mimi sikuficha," alisema.

"Najua. Hukuficha."

"Nilikuwa namalizia, sista. Nilisema nzuri, nikavuta pumzi, ukaniambia nipande mizani. Nikafikiri utauliza tena siku nyingine." Aliokota jiwe kwenye kahawa, akalitupa. "Nikafikiri labda imeandikwa mahali."

Nilimuuliza anataka nifanye nini. Hakuchukua muda kujibu.

"Kasemee kulekule waliponisemea."

Nilikwenda. Niliandika barua pia, ikaambatishwa kwenye lile faili, lakini barua haikuwa ndiyo aliyoiomba. Mwenyekiti wa kitongoji alinipa nafasi baada ya ajenda ya mbuzi wanaoharibu migomba, ambayo ilichukua muda mrefu na hasira nyingi. Nilisimama, nikaeleza kwamba mama yule hakuficha chochote. Kwamba niliuliza vibaya, nikaandika vibaya, kisha nikatia sahihi karatasi iliyomtupia yeye lawama. Nilijitahidi kutumia sentensi fupi.

"Kwa hiyo nesi," mzee mmoja aliuliza, "kosa lilikuwa lako?"

"Lilikuwa langu."

"Na sasa ndiyo unakuja?"

"Ndiyo, mzee. Sasa."

Anatoli alikuwa amesimama nyuma, mtoto mdogo akiwa mabegani, ameshika masikio ya baba yake kama usukani. Alinitazama mpaka nilipomaliza, kisha akaanza kumteremsha mtoto taratibu, kana kwamba hiyo ndiyo kazi iliyomleta. Mama yake alikuwa mstari wa mbele. Alisema kwa Kinyambo, bila kunyanyua sauti, kwamba ningeyasema yale mapema angekuwa bado na mkwe wake aliyempenda. Mwenyekiti alishukuru, akauliza kama kuna mengineyo.

Siku ya pili nilirudi Nyakatuntu kumweleza Leokadia. Aliuliza nani walikuwepo, nami nikamtajia mmoja mmoja niliowakumbuka.

"Anatoli?"

"Alikuwepo."

"Alisema nini?"

"Hakusema."

Aliendelea kuvuta kahawa kwa reki, akiikusanya, maana wingu lilikuwa limeanza kujifunga upande wa Rwanda. Nilinyanyuka nikamsaidia kushika ncha za mkeka. Tulipokwisha kuingiza wa mwisho alijifuta mikono.

"Nashukuru ulisema," aliniambia. "Ni kweli nashukuru. Lakini naomba usirudi tena hapa, sista. Ukija, wifi yangu anauliza, majirani wanauliza, na mimi naanza kuhadithia upya. Walinifanya mfano wa kuficha. Sasa nitakuwa mfano wa kuonewa. Nimechoka kuwa mfano."

Nilimuahidi.

Nimefikiri kwa muda mrefu, labda kupita kiasi, kama kuyaandika haya kwa ajili yenu ni namna nyingine ya kurudi kwake. Sijapata jibu linaloniridhisha. Nilichoweza kufanya ni kubadilisha jina lake, la mumewe na mambo machache ambayo yangemtambulisha; kwa hiyo mkiwa Nyakatuntu kikazi, msimtafute. Akija mwenyewe kwa sababu yake, mpeni kiti na mmwache azungumze anachotaka. Mimi sijarudi.